Bamba linapozama, maji yake huenda wapi?

Nachunguza maji yanayoshuka na mabamba, vile vipande vikubwa vya tabaka gumu la nje la Dunia. Nikieleza kazi yangu, swali la kwanza huwa hili: maji yanafikaje kilomita 100 chini ya ardhi, kwenye joto lile, yasigeuke mvuke na kutoroka njiani? Anayeuliza huwa anawazia mito na mapango. Huko chini hakuna vitu hivyo. Maji hushuka yakiwa sehemu ya jiwe lenyewe.

Juzi nilikuwa na kipande cha sepentini, madini yenye maji ndani yake, kwenye hadubini, kimesuguliwa hadi kikabaki na unene wa milimita 0.03, mwanga unapenya. Sepentini imetanda kama wavu, na ndani ya kila tundu la wavu kumebaki punje ya olivini, madini makavu. Zamani jiwe lote lilikuwa olivini kwa sehemu kubwa. Maji ya bahari yakapenya kwenye nyufa, yakaila olivini kutoka pembeni kuelekea katikati. Lianike juani mwaka mzima, maji hayo hayatoki. Hata hivyo, katika kila kilo 100 za sepentini safi, kilo 12 au 13 ni maji, ila hidrojeni na oksijeni zake zimefumwa ndani ya fuwele. Kuyapata ni mpaka fuwele ivunjike.

Kazi ya kuivunja hufanywa na bamba la tektoniki linapozama chini ya jingine. Maji yaliyo katika matope ya juu hukamuliwa mapema, kwenye kilomita chache za mwanzo. Yale yaliyofungwa katika madini hungoja, maana kila madini yana kiwango chake cha joto na mgandamizo. Basalti, jiwe la volkeno la sakafu ya bahari, huachia yake kidogo kidogo, hadi inageuka eklojaiti, jiwe zito la kijani lenye garneti nyekundu na karibu halina maji tena. Sepentini ni mbishi zaidi: huvumilia hadi nyuzi za Selsiasi 600 au 700 hivi. Ndiyo maana bamba kuukuu na baridi, kama lile la Pasifiki chini ya kaskazini mashariki mwa Japani, hufikisha maji mbali kuliko bamba changa lenye joto.

Kuna mahali ambapo maji haya huonekana. Karibu na Mfereji wa Mariana, bonde refu la chini ya bahari magharibi mwa Pasifiki, sakafu ya bahari ina milima iliyojengwa na tope la sepentini linalosukumwa kutoka chini. Majimaji yanayotoka humo yana pH inayofika 12.5, yaani ni alkali kali, na klorini yake ni pungufu kuliko ya bahari. Upungufu huo ndio unaonishawishi: haya si maji ya bahari yaliyozunguka tu, yamechanganyika na maji yaliyotoka ndani ya madini.

Maji yanayoachiliwa chini zaidi hupanda na kuingia katika koti la Dunia, tabaka nene la mwamba chini ya gamba, lililo juu ya bamba. Hapa kuna kosa ninalolikuta kila mara: eti bamba huyeyuka kwa msuguano, ndipo volkeno zinatokea. Kwa kawaida kinachoyeyuka ni koti la juu yake. Mwamba wa koti ukiwa mkavu, kwenye kina cha kilomita 100 huhitaji zaidi ya nyuzi 1,400 ili uanze kuyeyuka. Ukipata maji, nyuzi 1,000 zinatosha. Maji hayakuleta joto lolote. Yamelegeza tu vifungo vya madini. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayozaliwa hupanda na maji yake, na ikikaribia juu maji hayo hutanuka kuwa gesi. Mlipuko mkali wa volkeno za aina hii chanzo chake ni hicho.

Na safari nzima haichukui muda mrefu sana. Beriliamu-10, atomi yenye mionzi, huundwa angani kwa miale ya kosmiki, ikashuka na mvua hadi kwenye matope ya bahari. Kila baada ya miaka milioni 1.4 hivi, nusu yake huwa imetoweka. Katika miaka ya 1980 watafiti waliipima ndani ya lava mpya za volkeno za Amerika ya Kati, na ilikuwa bado imo, kwa hiyo matope yale hayakuwa yamezama zamani sana.