Taichi: Jifunze Kuhamisha Uzito Kabla ya Mikono

Wanaoiona taichi kwa mbali hudhani ni mazoezi ya kupunga mikono polepole. La hasha, ni sanaa ya mapigano, iliyokuzwa na ukoo wa Chen kijijini Chenjiagou, mkoa wa Henan nchini China. Katika karne ya 19, Yang Luchan aliyejifunzia huko akaipeleka Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliacha kanuni kumi zinazofuatwa na walimu wengi hadi leo.

Sisi wa tibamaungo tunamsihi anayeanza ashike moja kwanza: kutenganisha mguu uliobeba uzito na mguu mtupu, yaani usiobeba uzito. Uzito ukigawanyika nusu kwa nusu katikati ya hatua, mtu hawezi kugeuka upesi, na akisukumwa anayumba.

Ijaribu. Simama, magoti yalegee kidogo. Hamishia uzito mguu wa kulia bila kuinama, mpaka kisigino cha kushoto kiinuke pasipo mwili kutikisika. Sasa peleka mguu huo mbele; kisigino kitangulie kugusa chini kikiwa hakijabeba chochote, ndipo uzito ufuate taratibu. Ukilazimika kujitupa ili mguu ufike, hatua ni ndefu mno, ifupishe. Goti lielekee vidole vinakoelekea, wala lisivipite.

Upole wa mwendo una sababu yake: kasi huficha makosa ya namna hii. Nazo kanuni nyingine hukaa juu ya msingi huu. Mgongo unyooke, mabega na viwiko vishuke, kiuno kiongoze mikono, nia itumike badala ya mabavu. Kulegea si kuzembea. Ni kuipumzisha misuli isiyo na kazi wakati huo. Katika zoezi la wawili liitwalo tui shou, mmoja anasukuma, mwenzake hashindani naye bali anageuza kiuno, na ile nguvu inapita pembeni. Asiyejua mguu upi umebeba hawezi kufanya hivyo.

Wazee wengi huanguka wakati huohuo wa kuhamisha uzito, na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa taichi hupunguza kuanguka. Ipo fomu fupi, yaani mfululizo uliopangwa, ya miondoko 24, iliyotungwa China mwaka 1956, lakini nashauri isikimbiliwe. Mwenye kizunguzungu au aliyewahi kuvunjika nyonga amwone daktari kwanza, kisha aanze na hatua hiyo moja, akishika kiti kizito na mtu akiwa karibu.