Mabaki ya jikoni: nunua mizani kabla ya mapipa ya rangi

Taasisi ikiamua kupunguza taka, kitu cha kwanza kununuliwa huwa mapipa ya rangi tatu. Yanapangwa koridoni, yanapigwa picha, na jioni yote matatu yanamwagwa kwenye lori moja. Kwa hoteli, shule ya bweni au hospitali, mimi hushauri mizani ije kwanza, ikae mlango wa nyuma wa jikoni.

Pima siku 7 mfululizo, wikendi ikiwemo, kwa ndoo tatu: maganda, chakula kilichopikwa kisipakuliwe, na kilichorudi kwenye sahani. Kila ndoo ina wa kuulizwa. Sufuria ikibaki nusu, tazama idadi ya walaji aliyopewa mpishi mkuu. Sahani zikirudi na wali, punguza upawa. Maganda hayapungui sana. Hatua hii haina mvuto wa picha, ila ndiyo yenye fedha, maana wali usiopikwa bure una faida kuliko wali uliogeuzwa mbolea.

Kinachosalia wape funza wa nzi askari mweusi, Hermetia illucens, ambao hula mabaki kisha huvunwa kuwa chakula cha mifugo. Mboji ya kawaida inafaa pia, lakini huchukua miezi na eneo kubwa.

Kreti ya sentimita 60 kwa 40, kina 17, hubeba funza 10,000 wa umri wa siku 5. Hao humaliza kilo 15 za mabaki kwa siku 12: kilo 5 siku ya kwanza, 5 siku ya tano, 5 siku ya nane. Jiko linalotoa kilo 60 kwa siku huanzisha kreti 4 kila siku, kwa hiyo liwe na 48 kwenye rafu, pamoja na chache za akiba. Kreti ikienda vizuri hutoa takriban kilo 2 za funza hai. Mwanzoni nunua funza wachanga kwa mzalishaji. Kuzalisha mayai ni kazi nyingine kabisa.

Maji ndiyo huharibu wengi. Supu na maganda ya tikiti yakizidi, kreti inageuka uji, inanuka, funza wanapanda kuta na kutoroka, na siku ya kuvuna chekeche halipitishi kitu. Chuja mabaki usiku kucha, kisha changanya pumba au vumbi la makumbi ya nazi. Ukifinya konzi moja, yatoke matone, si mchirizi. Safu ya chakula isizidi sentimita 5: funza wenyewe huzalisha joto, na chini kusikofika hewa kunaoza. Halafu kuna siafu na sisimizi, ambao hawatajwi sana kwenye semina. Miguu ya rafu isimame ndani ya makopo ya maji.

Sahani zikwanguliwe kabla ya kugusa sabuni. Vijiti vya meno na vipakiti vya sosi vitolewe hapo hapo, kwa kuwa vikishachanganyika hakuna atakayevichambua.

Vuna kwa chekeche la tundu za milimita 5, funza wangali weupe. Wakishakuwa weusi wameacha kula na ngozi imekomaa. Wachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kisha waanike. Protini ni takriban asilimia 40 ya uzito mkavu, na wafugaji wa kuku na samaki huwatumia kupunguza dagaa kwenye chakula cha mifugo. Masalio ya kreti yalundikwe wiki kadhaa kabla ya kwenda shambani. Yakiwa mabichi huunguza miche.

Kama huna nafasi ya kreti, ingia mkataba na mzalishaji wa funza achukue mabaki yako. Kenya, sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 tayari inazitaka taasisi kutenga taka zinazooza na zisizooza, hivyo ndoo zako zina soko. Mkataba utaje uchukuaji wa kila siku, malipo kwa kilo zilizopimwa pande zote mbili, na ndoo kurudi zimeoshwa. Ndoo yenye plastiki irudishwe jikoni siku ile ile, na zamu iliyoijaza iandikwe.