Gundi ya mayai ya nondo wa hariri, na jeni zinazosubiri zamu

Chukua karatasi ambayo nondo jike wa hariri ametagia usiku, uigeuze juu chini. Hakuna yai litakaloanguka. Itikise, ipulize, bado mayai yametulia palepale alipoyaweka, moja kando ya jingine, bapa kama dengu, kila moja na urefu wa milimita moja na ushee. Ukijaribu kulibandua moja kwa ukucha, aghalabu ganda hupasuka na gundi ikabaki imeng'ang'ania.

Nondo huyu ni kiumbe wa ajabu kidogo. Miaka takribani 5,000 ya kufugwa imemnyang'anya uwezo wa kuruka. Hali wala hanywi. Anaishi siku chache tu kwa akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi akitafuna majani ya mforosadi. Ndani ya siku hizo jike hutaga mayai 300 hadi 500, na kila yai hupata gundi yake. Ukitaka kujua gundi hiyo ina umuhimu gani, mtazame ndugu yake wa porini, Bombyx mandarina. Mayai yake hukaa kwenye matawi ya mforosadi msimu mzima wa baridi, yakipigwa na upepo na mvua, hadi majani mapya yachipue. Yai likidondoka, kiwavi wake ataanguliwa mbali na chakula.

Tukitaja hariri watu hufikiria uzi, na uzi nao una gundi. Kiwavi anapofuma kifukofuko chake hutoa nyuzi mbili za protini iitwayo fibroini, zikiwa zimegandishwa pamoja kwa protini nyingine inayonata, serisini. Hiyo ndiyo huondolewa kwa kuchemsha ili kitambaa kiwe laini. Kwa hiyo mdudu mmoja hutengeneza gundi mara mbili maishani. Ya kwanza hutoka kwenye tezi zinazofungukia karibu na mdomo, na kila kiwavi anayo, dume kwa jike. Ya pili hutoka upande wa pili wa mwili, kwa jike pekee, akiwa tayari ni nondo. Tezi za hariri wakati huo zimeshakufa. Mwili huzivunjavunja ndani ya pupa, hatua iliyo kati ya kiwavi na nondo, mara tu ufumaji unapokwisha.

Tezi za gundi ya mayai ziko mbili. Ukimpasua jike chini ya hadubini, ndani ya maji yenye chumvi kidogo, mwanzoni huoni kitu ila mayai: mirija minane, minne kila upande, imejaa mayai mfano wa shanga zilizotungwa. Yasogeze taratibu kwa koleo ndogo, nyuma kabisa utakuta matawi membamba yanayopitisha mwanga, kisha kifuko kilichovimba kwa ute, kisha mfereji mfupi unaoingia kwenye njia ya mayai. Matawi ndiyo yanayotengeneza, kifuko kinahifadhi. Mfereji unafungukia karibu na mwisho wa njia, na hapo pana busara yake: mbegu ya dume huingia ndani ya yai kupitia tundu dogo sana kwenye ganda. Gundi ingepakwa mapema mno, tundu hilo lingezibwa. Ute huo ni protini kwa sehemu kubwa. Hutoka ukiwa majimaji, ukapata hewa, ukakaza.

Sasa swali linalotuweka maabara hadi usiku: matawi yale yanajuaje kutengeneza gundi, ilhali seli za misuli iliyo jirani hazitengenezi?

DNA ni ileile. Kila seli ya nondo, iwe ya jicho, ya bawa au ya tezi, ina jozi zilezile 28 za kromosomu. Orodha ya herufi za DNA hiyo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na timu ya China na ya Japani, kila moja kivyake. Tofauti iko kwenye jeni zipi zinafanya kazi. Jeni inayofanya kazi hunakiliwa kuwa RNA, nakala ya muda, na nakala hiyo husomwa ili kuunganisha protini. Jeni isiyonakiliwa ipo, ni nzima, ila imenyamaza. Tunaposema jeni imejidhihirisha katika tezi fulani, tunamaanisha kwamba nakala zake zinapatikana humo, na wingi wa nakala hutupa fununu ya wingi wa kazi.

Nondo wa hariri ana historia ndefu katika somo hili. Mwaka 1972 Yoshiaki Suzuki na Donald Brown walifanikiwa kutenga RNA ya fibroini kutoka kwenye tezi ya hariri, enzi ambayo kupata RNA ya jeni moja tu ya mnyama ilikuwa kama kutafuta sindano kwenye rundo la majani. Kilichowasaidia ni tezi yenyewe. Seli zake hunakili DNA yao tena na tena bila kugawanyika, hadi seli moja ikawa na mamia ya maelfu ya seti, kisha karibu nguvu yote ikamwagwa kwenye protini chache. Hata ndani ya tezi moja kuna mipaka: sehemu ya nyuma hutoa fibroini, ya katikati hutoa serisini. Tezi ya gundi ya mayai haijawahi kupata umaarufu huo. Nadhani sababu ni kwamba hakuna anayevaa gundi.

Zamu yake huanza kupangwa mapema kuliko mtu anavyodhani. Katika nondo wa hariri jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, Z na W. Dume ana Z mbili. Mwaka 2014 ilibainika kwamba kinachoamua ujike kwenye W si protini, ni kipande kifupi cha RNA. Uamuzi wake huishia kwenye jeni iitwayo doublesex, ambayo nakala zake hukatwa na kuungwa kwa namna moja kwa jike na nyingine kwa dume. Matokeo unaweza kuyaona kwa macho: mgeuze kiwavi jike aliyekaribia kukomaa, utaona vidoa vinne vyeupe kama maziwa chini ya pingili za nane na tisa za tumbo. Wafugaji huvitumia kutenganisha jike na dume, na vimepewa jina la Ishiwata, mtafiti wa Kijapani. Ni vichipukizi vya viungo vya uzazi. Hulala hapo hadi homoni ya ekidisoni ipande ndani ya pupa, ndipo vikue na kuchukua umbo.

Kusoma RNA ya tezi ndogo hivi kunahitaji mkono mwepesi. Vimeng'enya vinavyoharibu RNA viko kila mahali, hata kwenye vidole vyetu. Zamani niliacha mirija ya sampuli mezani nikapokea simu, kwa dakika chache tu. Niliporudi kuipima nilikuta makombo. Tangu siku hiyo tezi ikitoka mwilini inaingia moja kwa moja kwenye nitrojeni ya kimiminika, simu ilie itakavyo.

Nakala zikishahesabiwa, kazi ni kulinganisha. Tezi dhidi ya misuli, pupa wa leo dhidi ya wa juzi. Ulinganisho wenye utamu zaidi ni kati ya jike wa kawaida na jike wa ukoo uitwao Ng, yaani asiye na gundi. Hawa wamerithi badiliko la jeni linaloifanya tezi isikue ipasavyo. Mayai yao ni mazima, huanguliwa, lakini hayanati. Hapa lakini kuna mtego. Tezi iliyodumaa itaonyesha jeni nyingi sana zimeshuka, kwa sababu tu seli za kuzifanyia kazi hazipo. Zilizoshuka nyingi ni waathirika. Mkosaji yuko mahali pengine, pengine alishafanya kosa lake siku nyingi kabla hatujaipasua tezi. Ndiyo maana orodha ya jeni zilizopungua si jibu, hata ichapishwe kwa rangi nzuri kiasi gani. Lazima kurudi nyuma kwenye pupa mchanga na kuizima jeni inayoshukiwa moja moja katika nondo wa kawaida.

Kwa mfugaji gundi ni neema na kero. Louis Pasteur alipoitwa kupambana na ugonjwa wa pebrini uliokuwa ukiangamiza viwavi Ufaransa, kuanzia mwaka 1865, njia aliyoishia nayo ilikuwa kila jike atage peke yake, kisha asagwe na kuchunguzwa kwa hadubini. Akikutwa na vimelea, mayai yake yanachomwa. Utaratibu huo unakwenda vizuri mayai yakibaki yameganda mahali pake, kila familia na pake. Upande wa pili, vituo vya mbegu, yaani vinavyozalisha mayai kwa ajili ya wafugaji, vinataka mayai yaliyo huru ili yapimwe kwa gramu na kuoshwa. Hawashindani na gundi: wanampa jike karatasi iliyopakwa wanga, kisha wanailoweka. Wanga unayeyuka, mayai yanaachia.

Kwa hiyo ukoo usio na gundi unavutia. Mayai yake hukusanywa kwa brashi. Tatizo ni dume. Anaweza kuwa amebeba badiliko lile, lakini hana tezi, hatagi, na ukimtazama hata siku nzima hana alama yoyote. Kabla ya vipimo vya DNA palikuwa na njia moja tu ya kumjua: umwozeshe, usubiri binti zake wakue, pengine hata wajukuu, wakishataga uchukue karatasi uigeuze juu chini.