Dar hadi Mbeya: kilomita ni jambo moja, saa ni jingine

Kila Desemba ndugu wa Dar wanaotaka kuja kwetu Mbeya hunipigia wakiuliza, "Ni mwendo wa saa ngapi?" Nikiwajibu hawaamini, maana kila mmoja keshapiga hesabu yake.

Dhana: Kilomita za ndege na za basi ni zilezile, ila ndege inakimbia.

Barabara ni takriban kilomita 830. Angani, kwa mstari ulionyooka, hazifiki 700. Mstari huo unakatiza juu ya Milima ya Udzungwa, ambayo basi halina budi kuizunguka kwa kaskazini: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, ndipo lipande Mlima Kitonga kuitafuta Iringa.

Dhana: Gawanya 830 kwa 80, saa kumi na ushei umefika.

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Kilomita themanini kwa saa ni mwisho wa mwendo anaoruhusiwa dereva wa basi, wala si wastani wake. Kila penye makazi kuna kibao cha 50, na barabara hii imejaa makazi. Kabla hata hujaonja hiyo themanini, kuna foleni ya kutoka Mbezi hadi Kibaha. Kisha mizani. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi, mwendo umebanwa, na kuna bango la faini ya kila mnyama utakayemgonga (lisome, twiga si bei ya kitoto). Kitonga nako ni kona juu ya kona; malori yanayoelekea Tunduma yanapanda kwa kujikongoja, na pa kuyapita hakuna. Roli moja likizimika katikati, hesabu zako zote zimeishia hapo. Ongeza kula, kuchimba dawa, na abiria wanaogombea vitunguu dirishani pale Ruaha Mbuyuni. Ukitoka saa 12 asubuhi, jiandae kushuka saa 2 usiku. Ukiwahi, shukuru.

Dhana: Mabasi hayaruhusiwi kutembea usiku.

Hayo ni ya zamani. Katazo lililodumu tangu miaka ya 1990 liliondolewa mwaka 2023. Siku hizi unaweza kulala Dar ndani ya basi ukaamkia Nyanda za Juu.

Dhana: Kwa ndege ni saa moja na nusu tu.

Hewani, ndiyo, na ndege ya panga boi huchelewa kidogo kuliko ya jeti. Lakini hujahesabu foleni ya kwenda uwanjani, kuwahi kukaguliwa, kusubiri mzigo, na teksi ya zaidi ya kilomita 20 kutoka Uwanja wa Songwe hadi mjini. Mlango kwa mlango mimi huhesabu saa tano. Asubuhi yenye ukungu sihesabu kabisa, maana ndege inaweza kufika juu yetu ikashindwa kutua.

Dhana: Uwanja wa Songwe uko Mkoa wa Songwe.

Uko Mkoa wa Mbeya. Ulifunguliwa mwaka 2012, wakati mkoa huo wenyewe haujazaliwa. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mjomba wangu alikata tiketi, akamwambia mkwewe wa Vwawa, mkoani Songwe, ampokee "hapo nje tu". Mkwe alitoka na pikipiki, akidhani ni karibu.