Ndala na bomba la PVC: usiku niliowaona Fulu Miziki

Mi ni fundi mitambo wa sauti, nikiingia klabu macho yanaanza na mikisa (ile meza ya kuchanganyia sauti) kabla ya jukwaa, ndo ugonjwa wetu. Sasa hawa Fulu Miziki, kundi la muziki la Kinshasa, walivyopanda nikasahau mikisa kabisa. Barakoa za plastiki na chuma chakavu, minyaya inaning'inia, wanatembea taratibu kama mizimu iliyotoka jalalani, ukumbi mdogo dari fupi, watu wote simu juu, nikajisemea haya, leo tumelipia maigizo.

Kwa Kilingala fulu ni takataka, miziki si unaijua. Kundi lilianzishwa na Pisko Crane na vyombo wanaunda wenyewe: madumu, machuma, na lile rundo la mabomba ya PVC, yale yale ya fundi bomba. Jamaa kashika ndala, ndala ya bafuni kabisa, akapiga mdomo wa bomba. Besi ikanipita kifuani.

Ngoja nieleze kwa nini. Bomba la mita moja lililo wazi pande zote mbili linatoa kama hezi 170 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, ikipungua sauti inakuwa nzito). Ukilipiga kwa ndala halafu ukaiacha imeziba, bomba linakuwa limefungwa upande mmoja, sauti inashuka hadi kama hezi 85, yaani oktava nzima, noti ile ile lakini ngazi moja chini! Kwa hiyo mkono wa mpigaji ndo unaamua, akiinyanyua haraka sauti inapanda, akiikandamiza inazama, na hicho kitu kwenye rekodi hukisikii vizuri, kwenye simu ndo kabisa, kile kispika hakifiki huko chini.

Shida ni maiki. Fundi wa usiku ule aliziweka kule ndala inapopiga, akawa anaokota makofi ya mpira tu, paa paa paa, akapandisha sauti miluzi ikaanza, akakata besi. Nilitaka kulia. Maiki inakaa mdomo wa pili jamani, huko ndo besi inatokea! Baadaye mtu akazisogeza, ukumbi ukabadilika.

Na Kinshasa hawajaanza jana. Bendi ya Konono N°1 walitengeneza maiki za likembe (kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, binamu wa ilimba ya Wagogo) kwa sumaku za magari mabovu, ule mkwaruzo wake ukawa ndo utamu wenyewe. Fulu Miziki wameongeza mwili tu, barakoa na chombo vinatoka rundo moja, ndo maana nilifuta ile kauli ya maigizo kabla wimbo wa pili haujaisha.

Walipomaliza nikasogea kuiangalia ile ndala. Imeliwa kisigino, mkanda umeshonwa kwa waya.

Niliporudi nyumbani nikanunua bomba la inchi nne nikalikata mita moja, nikaanza kulitandika na ndala uani. Mke wangu akatoka kuuliza kama choo kimeziba tena.