Namba ya mahali katika kitabu cha kielektroniki, na kwa nini si ukurasa

Namba ya mahali ni tarakimu ambayo kitabu cha kielektroniki humpa msomaji ili ajue amefika wapi, pale ambapo namba ya ukurasa haiwezi kutegemewa. Wengi walikutana nayo kwanza katika Kindle, kifaa cha kusomea ambacho Amazon ilianza kukiuza Marekani mwaka 2007. Msomaji aliyezoea kuona ukurasa wa 47 alikuta chini ya skrini namba kama 612 au 3480, asijue inahesabu kitu gani.

Inafaa tujiulize kwanza namba ya ukurasa yenyewe inahesabu nini. Haihesabu maneno, wala haihesabu hoja za mwandishi. Inahesabu pande za karatasi. Ukubwa wa karatasi, aina ya herufi na upana wa pambizo vikishaamuliwa kiwandani, kila neno hukaa palepale katika nakala zote za chapa hiyo, na mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 47" darasa zima huona aya ileile. Itokapo chapa nyingine yenye herufi kubwa zaidi, makubaliano hayo huvunjika, na hii ni sababu mojawapo ya marejeo ya kitaaluma kutaja mwaka na mchapishaji.

Faili ya EPUB, ambayo ni muundo wa kawaida wa vitabu vya kielektroniki, imejengwa kama tovuti inavyojengwa. Ndani yake mna sura, aya na picha, lakini kwa kawaida hamna kurasa. Maneno hutiririka yakaijaza skrini yoyote yanayoikuta. Mtu mwenye macho dhaifu akizikuza herufi kwenye simu yake, kitabu kilichokuwa na skrini 300 huweza kufikia 700. Programu inayomwonyesha "212 kati ya 640" mara nyingi inahesabu skrini hizo tu, kwa hiyo namba hiyo ni yake peke yake, na akibadilisha herufi kesho hata yeye haitamfaa. PDF haina tatizo hili, kwa kuwa kurasa zake zimefungwa kama za karatasi, ingawa kuisoma kwenye simu ndogo ni adha.

Namba ya mahali ilibuniwa ili kuondoa utegemezi huo wa skrini. Faili hukatwa katika vipande vidogo vilivyo sawa kwa kiasi cha data, kila kipande kikapewa namba yake, hata kitabu cha kawaida kikawa na maelfu ya namba. Ukizikuza herufi, namba haibadiliki. Udhaifu wake ni kwamba hupima data, si maandishi unayoyaona peke yake, na kwamba mwenye kitabu cha karatasi hana njia ya kuifuata. Adobe Digital Editions, programu ya kusomea vitabu vya kielektroniki kwenye kompyuta, ilichukua njia ya karibu na hiyo: pasipo kurasa zilizowekwa na mchapishaji, kila baiti 1,024 (baiti ni kipimo kidogo cha data) za faili iliyobanwa ili ipungue ukubwa huhesabiwa kuwa ukurasa mmoja.

Asilimia nayo huonekana rahisi, lakini hupotosha. Kitabu cha historia chenye tanbihi nyingi na faharasa ndefu huweza kumaliza simulizi yake kwenye asilimia 70, msomaji akiwa bado anangoja sura nyingine.

Suluhisho ninaloliona bora ni kupachika ndani ya faili alama zinazoonyesha kila ukurasa wa chapa fulani ya karatasi ulianzia kwenye neno gani. Kindle ilianza kuonyesha kurasa za namna hiyo mwaka 2011, kwa baadhi ya vitabu tu, na EPUB 3 ina orodha maalumu ya kurasa kwa kazi hiyohiyo. Faida yake kubwa ni kwa mwanafunzi asiyeona, ambaye husikiliza kitabu kupitia programu ya sauti: darasa likiambiwa ukurasa wa 47, naye hufika palepale pamoja na wenzake. Mchapishaji asiyeziweka alama hizi humnyima mwanafunzi huyo jambo la msingi.

Kwa anayenukuu, mwongozo wa uandishi wa kitaaluma wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la saba, unasema namba za mahali za Kindle zisitumiwe, na badala yake itajwe sura au aya. Wasomaji wa Kiswahili wana mazoea haya tangu zamani. Kurani hutajwa kwa sura na aya, Biblia kwa sura na mstari, utenzi kwa ubeti, kwa sababu anwani hizo zimefungwa kwenye maneno yenyewe, na karatasi ikibadilika hazihami. Riwaya haina namba za aya, lakini ukiandika sura ya ngapi pamoja na maneno manne au matano ya kwanza ya sentensi unayoitaja, mwenye kifaa atayatafuta na kuyapata mara moja, na mwenye karatasi atapekua sura moja badala ya kitabu kizima.