Ni kisukari cha aina gani? Swali linaloamua tiba

Mtu akiambiwa ana kisukari, mara nyingi huuliza kwanza aache kula nini. Ningependa aanze na swali jingine: ni kisukari cha aina gani? Sukari kuzidi kwenye damu ni dalili inayofanana, lakini vyanzo vyake ni tofauti, na dawa inayomfaa mgonjwa mmoja inaweza isimsaidie kabisa mwingine.

Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayousaidia mwili kuitumia sukari iliyo kwenye damu. Seli hizo zikishaharibiwa, insulini haipo tena au imebaki kidogo mno, na mgonjwa hawezi kuishi bila kuipata kwa sindano au pampu. Vidonge peke yake havitoshi. Kabla ya insulini kuanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wakifa. Wazazi, naomba mlielewe hili: hakuna mlo wala peremende uliomletea mtoto wenu aina hii. Msijilaumu, na msikubali kulaumiwa.

Huanza zaidi utotoni na ujanani, ingawa hata mtu mzima anaweza kuipata. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Anaamka usiku kutafuta maji, anakula vizuri lakini anakonda. Akichelewa kupimwa huanza kutapika, tumbo linamuuma, anahema kwa kasi na kwa kina, na pumzi yake inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Hapo mwili umeanza kujaa asidi, na ni rahisi kudhani ni malaria au homa ya matumbo. Tone moja la damu ya kidoleni hutoa jibu kwa muda usiozidi dakika moja. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Aina ya pili ndiyo iliyoenea kuliko zote. Zaidi ya asilimia 90 ya wenye kisukari duniani wanayo. Hapa insulini ipo, ila mwili umekuwa sugu kwake, na kongosho linalazimika kutengeneza nyingi zaidi hadi linachoka. Uzito uliozidi, hasa kitambi, kukaa kutwa nzima bila kuushughulisha mwili, shinikizo la damu, uvutaji wa sigara na umri mkubwa huongeza hatari. Kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari huongeza pia, kwa hiyo wapo wembamba wanaougua. Wakati mwingine ngozi ya shingoni au kwapani huwa nyeusi na nene kama mahameli. Wengi huisugua wakidhani ni uchafu, kumbe ni dalili ya usugu huo.

Tatizo kubwa la aina hii ni ukimya wake. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi, akaja kugundulika macho au figo zikiwa zimeshaanza kuathirika. Ndiyo maana wenye vihatarishi wapimwe bila kusubiri dalili. Sukari ya kabla ya kula chochote ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari. Ikiwa imepanda bila kufika hapo, bado nafasi ipo: kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki kumewazuia wengi wasifike huko.

Zipo pia aina zisizotokea sana, kama ile inayofuata maradhi ya kongosho au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi.

Kisukari cha ujauzito nakitaja mwisho kwa sababu ndicho kinachosahaulika haraka. Hupimwa zaidi kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya mimba, na kwa kawaida sukari hushuka baada ya kujifungua. Mama hufurahi, hubanwa na malezi, na habari ya sukari huishia hapo, ilhali hatari yake ya kupata aina ya pili baadaye ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mama ambaye hakukipata. Apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha asipitishe miaka 3 bila kupima, hata kama anajisikia mzima kabisa.